Pipa la Alizeti Tulilopeleka Kilindini

Kiplombe, asubuhi ya kuondoka

Nyinyi wenzangu wa Plateau na Kesses mmeniuliza kanisani, mkaniuliza sokoni, na mara moja mkaniuliza hata msibani, na kila mara niliwajibu kwamba safari ilikuwa njema, kisha haraka nikauliza habari za ng'ombe wenu. Haikuwa njema. Nimeketi niandike kwa sababu nikianza kusimulia kwa mdomo najikuta nimepamba. Habari za vibali na barua nitaziruka. Zilinichosha wakati ule na sitaki ziwachoshe nyinyi pia.

Mashine yangu ya posho mnaijua. Dizeli ilipokosekana mjini Eldoret, nilijaribu kutia ndani ya injini mafuta ya alizeti, haya tunayokamua kwa mashine ya mkono na kina mama wa kikundi chetu. Injini ikasaga mahindi kama kawaida, ila moshi wake ulinukia chapati. Ndugu yangu Njoroge, ambaye ni karani bandarini Mombasa, aliwasimulia watu habari hiyo kama kichekesho, na ikamfikia fundi mkuu wa meli moja ya makontena. Yule mtu hakucheka. Alisema meli yake itakaporudi tumletee pipa moja, ayajaribu mafuta kwenye jenereta, na likifaulu kampuni itanunua mafuta yetu kila msimu. Sharti lake lilikuwa moja tu. Mafuta yachujwe, yaachwe yatulie, kisha pipa lifungwe na lisifunguliwe na mtu mpaka alifungue yeye mwenyewe.

Kwa ahadi hiyo niliwashawishi kina mama wapande alizeti mahali pa mahindi. Waume wengine waligomba. Mimi nilikwenda nyumba hadi nyumba nikisema, "Mahindi mtanunua, tena mtachagua." Kwa hiyo kama pipa lile lingekataliwa, kuna nyumba ambazo hazingekuwa na mahindi ya kutosha wala pesa ya kuyanunua. Nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Pipa nililichuja na kulifunga mwenyewe. Lakini asubuhi ya kuondoka nikaambiwa mwenyekiti wa chama cha siasa wa lokesheni yetu anakuja kutuaga, na mimi mnanijua, hata picha ya kwaya ikipigwa najipata katikati. Niliona haifai mgeni mkubwa aje kutazama chuma tupu. Nikafungua pipa ili aone mafuta yanavyong'aa. Akayaona, akasema haya ndiyo maendeleo, akahutubia mpaka umande ukakauka, na mimi nikasimama ubavuni mwake na sweta yangu mpya.

Kikundi kilikuwa kimesema mali ya wengi haisindikizwi na mtu mmoja, wakamchagua Kogo Tapsabei afuatane nami. Kwa asiyemjua, Kogo ni mama mzee wa Kinandi, jirani yangu tangu tulipohamia hapa kutoka Murang'a, na alizeti ya kwanza ya kikundi ilipandwa katika shamba lake. Mimi nilitaka mtu aliyesoma. Nikasema barabara ni ndefu na mgongo wake ni mbovu. Kogo akajibu kwamba mgongo ni wake.

Mwenyekiti alipokuwa akihutubia, nilimwona Kogo karibu na pipa ameshika kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kulala, yaliyochacha, yanayotiwa masizi ya mti. Nilijua kwao safari haianzi bila maziwa, nikadhani ananyunyizia nyasi. Wakati huo huo mwenyekiti akataja jina langu. Nikageuka kumsikiliza.

Timboroa

Lori lilikuwa la Musyoka, dereva Mkamba aliyekuwa akirudisha kontena tupu kutoka Uganda. Pipa nilikuwa nimelifunga tena bila kutazama ndani, tukalikaza kwa kamba ndani ya kontena, sisi watatu tukakaa mbele. Musyoka ni mtu wa maneno. Kabla hatujafika Burnt Forest alikuwa ameshajua watoto wangu wako darasa la ngapi na kwa nini kaka yangu hajaoa.

Timboroa tulikuta lori la viazi limeteleza na kulala katikati ya barabara. Ukungu ulikuwa mzito, baridi inaingia hadi kwenye meno, na magari yamejipanga nyuma na mbele. Tukakaa hapo mpaka mchana ukapita. Wenyeji walikuja na viazi vilivyochemshwa, na nadhani vilikuwa viazi vya lori lile lile. Kogo akateremka, akakaa na kina mama wa pale kando ya moto, na baada ya muda mfupi wakamwita shangazi. Mimi nilibaki ndani nikihesabu hasara.

"Mama Wambui, shuka uote moto," Musyoka akaniambia. "Barabara haifunguki kwa kukasirikiwa."

"Meli ikiondoka utanibebea pipa mpaka Ulaya?"

"Meli haiondoki bila kontena zake, na moja ndiyo hii. Kula kiazi."

Nilikula. Kilikuwa kitamu, lakini sikusema.

Nakuru

Nakuru nilitaka waone kwamba nimetembea. Nikawaingiza katika hoteli yenye vitambaa mezani, nikaagiza nyama ya kuchoma ya sisi sote bila kuuliza mtu. Ilipoletwa, Kogo akaitazama, akaisukuma pole pole.

"Leo nimekunywa maziwa," akasema. "Nyama ni kesho."

Mnajua wazee wao wengine hawachanganyi maziwa na nyama siku moja. Mimi pia najua. Nimekaa nao miaka mingi. Lakini yule mhudumu alikuwa amesimama pale na kalamu sikioni, meza ya jirani wanatazama, na mimi nikaona aibu ya kijinga. Nikamwambia mhudumu, nikicheka, "Msamehe, huyu ni mtu wa zamani." Kogo akaagiza ugali na sukuma wiki, akala kwa raha zake. Musyoka aliacha kutafuna kidogo, akanitazama, akaendelea kula.

Mtito Andei

Nairobi tulipita bila kuona kitu ila matope na vizuizi vya polisi. Katika kila kizuizi Kogo alitoa kadi yake ya chama kutoka ndani ya kitambaa cha kichwa, akaionyesha kabla hajaulizwa. Polisi mmoja alimpigia saluti kwa mzaha, naye akaipokea kama haki yake.

Karibu na Mtito Andei rejeta ilipasuka. Joto la huko sijui niwaelezeje nyinyi mnaolala na blanketi mbili. Tulikaa chini ya tumbo la lori tukingoja Musyoka aombe kipuri kwa madereva wenzake, na dada yake anayeishi huko akatuletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Kogo alikula sahani mbili, kisha akaenda kuweka kiganja kwenye ukuta wa kontena. Akakiondoa haraka.

"Kumekuwa moto humo," akasema. "Haitaharibika?"

"Mafuta hayachachi, Kogo."

"Siulizi mafuta."

Hapo ndipo ningemwuliza, "Unauliza nini basi?" Swali fupi, na pipa lilikuwa bado halijafika. Lakini jasho lilikuwa linanitoka hata machoni na nilikuwa nimechoka na maswali ya wazee, kwa hiyo nikafunga macho nikajifanya nimelala.

Kilindini

Njoroge alitupokea kwa mahamri na mbaazi. Kogo akaonja mchuzi, akauliza ni maziwa ya ng'ombe gani. Alipoambiwa ni ya nazi, tunda la mti, alimtazama Njoroge kwa huruma, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndugu yangu anahitaji kuombewa.

Meli ilikuwa ndefu kama barabara ya kwetu kutoka kanisani hadi kwenye josho, na makontena yamepangwa juu yake kama magunia ghalani. Musyoka na wapakizi walilipandisha pipa, nasi tukafuata. Mabaharia wote walimwita yule fundi mkuu Chifu. Kogo aliposikia hivyo alidhani ni chifu wa serikali, akasimama wima, akatoa kadi yake ya chama, akampa kwa mikono miwili. Nilitamani sakafu ile ya chuma ipasuke. Chifu, Mnorwe mrefu mwenye nyusi nyeupe, alifuta mikono kwenye ovaroli, akaipokea kadi kwa mikono miwili vile vile, akaisoma mbele na nyuma ingawa hakujua hata neno moja, akamrudishia na kuinamisha kichwa.

Alinieleza kazi yake kwa Kiingereza, nami nawaeleza nilivyoelewa. Meli kubwa huchoma masalio ya mafuta, kitu kizito kama lami, ambacho lazima kipashwe moto ndiyo kitembee kwenye paipu. Moshi wake ni mweusi, lakini weusi sio shida yote. Kuna hewa ndani ya moshi ule ambayo haionekani, inapanda juu na haishuki, inakaa imeifunika dunia kama blanketi, na kila meli inaongeza. Mafuta ya ardhini yanatoa hewa iliyokuwa imezikwa tangu zamani. Alizeti inatoa ile ile iliyoivuta juzi ikikua shambani, na mwaka ujao alizeti nyingine itaivuta tena. Kampuni yake ilimwona kama mtu anayecheza. Alisema anataka kuwaonyesha jenereta moja tu inayotembea vizuri, waanzie hapo.

Nikamtafsiria Kogo. Akasema, "Kwa hivyo shamba linakula moshi yake. Hiyo ni kama ng'ombe na samadi." Nilipomwambia Chifu, alicheka kwa furaha, na mimi nikajisikia mtu mkubwa.

Akafungua pipa, akatia mpira wa kuvutia mafuta, akawasha jenereta kwa dizeli kwanza mpaka ikapata joto, kisha akageuza koki. Mlio ulibadilika kidogo, ukatulia. Chifu akashika kitambaa cheupe mbele ya ekzosi, akakitazama, akatuonyesha. Kilikuwa na kivuli tu. Mabaharia wawili wakaitwa waje waone. Njoroge akanifinya mkono. Wakati ule, nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshawaona kina mama wote wa Kiplombe wananishangilia, na tena niko katikati ya picha.

Kisha injini ikakohoa. Ikapandisha pumzi, ikashuka, ikatetemeka, ikazima.

Chifu alifungua filta, akaipindua kwenye karai. Yakatoka mabonge meupe yenye vidoadoa vya kijivu, na harufu ikatupiga sote. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa Kogo. Barabara yote kutoka Eldoret ilikuwa imetikisa maziwa yale ndani ya mafuta, na mpira ulipovuta kutoka chini ukavuta mursik.

"Hiki ni nini?" Chifu akaniuliza.

Nikamweleza kwamba ni maziwa, ya baraka.

"Nilisema pipa lisifunguliwe. Nani alilifungua?"

Ndugu zangu, jibu lilikuwa fupi. Ningesema, "Mimi," na yeye angejua anashughulika na mtu wa namna gani, na pengine angenisamehe. Lakini alikuwa ananitazama, Njoroge ananitazama, mabaharia wananitazama. Nikamwonyesha Kogo kwa kidevu. Nikasema kwa Kiingereza, kile Kiingereza changu kizuri cha kidato cha nne, "Ni yeye. Ni mwanamke wa kijijini, hajasoma, hajui usafi ni nini. Nilimkataza, akalifungua nikiwa sipo."

Kogo alikuwa kando yangu. Aliona wote wamemgeukia. "Umemwambia nini?" akaniuliza.

"Nimemwambia ni wewe uliyebariki mafuta."

Uso wake ulifunguka. Akasogea mbele, akamnyoshea Chifu mkono. Chifu alinitazama mimi kwanza, muda wa kutosha mpaka nikaangalia chini. Kisha akafuta mkono wake uliojaa mafuta, akaushika mkono wa Kogo, akauweka mwingine juu yake, akamwambia kwa Kiswahili kibovu alichookota bandarini, "Asante, mama. Asante sana."

Nyuma yangu Musyoka, ambaye amekuwa akiendesha lori za Wazungu tangu ujana na Kiingereza anakisikia, alikohoa.

Chifu hakutufukuza. Alisema kwa muda ule mfupi injini ilipotembea, moshi ulikuwa kama alivyotamani siku zote. Meli itarudi baada ya mvua za masika. Tulete pipa lingine, lakini liwe la mwisho, kwa sababu kampuni haitamruhusu kujaribu mara ya tatu. "Na lifungwe," akasema. Hakumwambia Kogo. Aliniambia mimi.

Kurudi

Musyoka alipata mzigo wa kurudi bara, akatuchukua. Maneno yake yote yalikuwa ya Kogo. Alimwuliza habari za mashamba, za mvua, za wajukuu. Akinunua machungwa alimmenyea yeye, mimi akaniwekea langu kwenye dashibodi bila kunitazama. Jina langu hakulitaja tena mpaka Naivasha, ambapo Kogo alishuka kwenda msalani.

"Mimi ni dereva," akasema, macho yakiwa barabarani ingawa lori limesimama. "Maneno ya abiria si yangu. Lakini huyo mama amekusifu kutoka Mombasa mpaka hapa."

Kogo aliporudi aliendelea pale alipoachia, jinsi Chifu wa meli alivyomshika mkono kwa mikono miwili, na jinsi Mama Wambui alivyomsemea vizuri kwa Kizungu. Nilitazama dirishani. Nilitamani anitukane, nilitamani hata lori liharibike tena, chochote cha kumnyamazisha. Watu husema aibu inapita. Yangu ilipanda nasi mlima wote mpaka nyumbani.

Nyumbani kwa Kogo

Kina mama walipokusanyika niliwaambia injini haikuzoea mafuta mapya, fundi ameomba pipa lingine. Wakatazamana. Alizeti ilikuwa imebaki kidogo, na wengine walikuwa wanaitegemea kwa kupikia. Kogo akasimama akasema yeye atatoa wa kwanza, kwa sababu amemwona yule mtu kwa macho. Baada ya hapo hakuna aliyekataa. Nilipiga makofi pamoja nao.

Juma lililopita nilikwenda kwake kuuliza mafuta yake yamefikia wapi. Nilimkuta jikoni anasafisha vibuyu kwa kijinga cha moto, vile wanavyofanya, na vilikuwa vitatu.

"Ni vya pipa," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa kidogo, ndiyo maana injini ilichoka. Sasa nitaweka ya kutosha."

Nikakaa kwenye kigoda. Nawaambia bila kupamba, wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza na kulifunga pipa kisirisiri. Lakini nilijua Kogo angelitafuta, na kama si yeye basi mama mwingine angemsaidia kwa nia njema, na pipa la mwisho lingekwenda na maziwa, na nyumba zile zingelala njaa kwa kuwa mimi naogopa mwanamke mmoja mzee. Nikaanza na maziwa. Nikamwambia yaliganda ndani ya filta, ndiyo yaliyoizima injini.

Alishusha kibuyu. "Maziwa yangu?"

"Yako. Lakini pipa nilifungua mimi, mwenyekiti aone. Lingekuwa limefungwa usingepata pa kumimina."

Akafikiri. "Na kwa Chifu ulisema nini? Ile siku, kwa Kizungu."

Nikamwambia. Nilimwambia neno kwa neno, la kijijini, la kutosoma, na lile la usafi, nikiwa nimekaa katika jiko lake lililofagiwa. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Kogo hakunikatiza. Nilipomaliza alisukuma kuni motoni, na nilidhani atanifukuza.

"Alikuwa ameshasikia hayo yote," akauliza, "wakati ananishika mkono?"

"Alikuwa ameshasikia."

"Basi huyo ni mtu," akasema.

Hakusema mimi ni nini. Aliniuliza tu mafuta yanatakiwa lini, nikamwambia Jumatatu. Jumatatu aliyaleta, yamechujwa mara mbili, akayaweka chini mbele ya mlango wangu. Nilikuwa nimechemsha chai. Akanishukuru, akasema ana haraka. Tangu tuhamie Kiplombe, Kogo alikuwa hajawahi kukataa chai yangu.